Kabla Miti Haijafunga

Watu huniuliza kama mwanamke wa umri wangu hana kazi ya kufanya Jumapili. Kazi ninayo, asanteni. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya pale Majengo, Nyeri, katika chumba chenye cherehani mbili na dirisha moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, na mgongo wangu ni shahidi. Ila Jumapili ni yangu. Nikitoka misa ya kwanza navaa suruali ya kaka yangu, naikunja miguuni mara mbili, napanda baiskeli na kukanyaga kupita Kiganjo mpaka kwa Mama, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Nakunywa kikombe cha chai nikiwa nimesimama. Kisha naingia msituni kuzunguka.

Mzunguko huo tuliutafuta wawili, mimi na kaka yangu, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu na hajawahi kuniacha nisahau. Alikuwa dereva wa lori la maziwa. Siku moja alirudi kutoka soko la Karatina na baiskeli mbili za mitumba, za gia, zenye tairi pana za meno na springi mbele, akazilaza uani kwa Mama na kusema moja ni yangu. Nilimwambia mimi si mtoto. Akasema sawa, basi atampa jirani. Nikaichukua mbio mbio kabla hajamaliza sentensi, na tangu siku hiyo Jumapili hazikutukuta nyumbani tena.

Unaanza kwenye ua wa umeme uliojengwa kuzuia ndovu wasishuke kula mahindi ya watu. Unafungua mnyororo wa geti, unaufunga tena nyuma yako, halafu unashika barabara ya moto, yaani ule ukanda mpana uliofyekwa katikati ya miti ili moto ukiwaka upande huu usirukie upande ule. Ni changarawe tupu na ni mlima, dakika arobaini za kutukana kimoyomoyo. Juu kabisa unakata kushoto, na hapo ndipo raha ilipo: kijia cha mguu, upana wake sahani, kinachoteremka katikati ya mashamba ya viazi mpaka mtoni. Kuna daraja la mbao tatu, na moja imelegea. Ukivuka unapanda kwenye msitu wa asili wenye giza na mbega, unatokea tena barabara ya moto, na unashuka mpaka getini ukiwa huna pumzi wala aibu. Kaka yangu alikuwa akiteremka kile kijia bila kugusa breki. Mimi nilizishika mpaka zikanuka. Nilikuwa nikimkuta ameketi darajani anatafuna njugu, ananiambia nimechelewa sana hata yeye ameshaoa, ameshazaa na ana wajukuu.

Kijia kile kilipita katikati ya shamba la Mama. Kama hukukulia huku, nikueleze. Mahali ambapo miti mikubwa imekatwa, sisi watu wa ukingoni hupewa vipande tulime viazi, karoti na kabichi. Shukrani ya kipande ni kazi: katikati ya viazi vyako unapanda miche ya saiprasi, ile miti ya mbao, unaipalilia na kuilinda kama mali yako. Miaka mitatu hivi miti inakua, matawi yanagusana juu na jua halifiki chini. Hapo tunasema miti imefunga. Ikifunga, unatoka. Mnakusanyika, mnaokota vikaratasi kwenye kofia, na namba utakayoipata ndiyo kipande chako kipya mahali pengine. Yaani unapanda kwa mkono wako mwenyewe kitu kitakachokufukuza. Mama alikuwa amefukuzwa hivyo mara tatu. Akipita karibu na miti yake ya zamani, ambayo sasa mtu mmoja hawezi kuikumbatia, huigonga kwa kiganja na kuiuliza habari.

Jumapili Mama hakulima, maana ni dhambi, lakini alikuwa anapanda shambani "kuangalia tu" pamoja na wanawake wenzake. Wataangalia nini, Mungu ndiye anajua. Walikuwa wanakaa kwenye mpaka wa viazi wakiangalia maisha ya watu. Sisi tukichomoza juu kwa kasi, Mama husimama, mikono kiunoni, na kupaza sauti yake ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti: "Atakayekanyaga kiazi changu atakula tairi!" Wenzake wanacheka, wanatupungia mkono, wanatutuma tuwasalimie ndovu. Sikuona kama ni kitu. Nilidhani ndivyo Jumapili zilivyo na ndivyo zitakavyokuwa.

Kaka yangu akapata kazi ya kuendesha lori Uarabuni, mkataba wa miaka miwili. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, na Mama alikuwa amelima kile kipande msimu mmoja tu, miche ndiyo kwanza imeletwa. Jumapili yake ya mwisho hatukuzunguka. Tulipanda miche iliyokuwa imebaki, watatu, migongo juu, na kwa siku hiyo moja Mama akaamua Mungu ataelewa. Miche yenyewe ilifika kifundo cha mguu. Tulipokaribia kijia, kaka yangu alishindilia udongo kuzunguka mche mmoja kwa kiatu chake, akajinyoosha kando yake, na yeye ni mtu mrefu.

"Mama," akasema, "kabla huu haujanipita kichwa, nitakuwa nimerudi."

Mama alimwambia apande mti aache hotuba. Yeye aliendelea na mche wa pili. Mimi nilibaki na yale maneno, na naona haya kusema jinsi nilivyobaki nayo.

Miezi ya kwanza alikuwa akipiga simu na kusema yuko sawa, chakula si kibaya, joto ni la kukufanya uombe msamaha kwa dhambi ambazo hujatenda. Halafu siku moja akaniambia kinachomsumbua si chakula. Anakosa maji yanayopita yenyewe, bila mtu kufungua mfereji. Alisema hivyo na kukata simu bila mzaha wowote, na kaka yangu si mtu wa kukosa mzaha. Jumapili iliyofuata nilirekodi mzunguko mzima kwenye simu nikamtumia.

Rekodi ya kwanza ilikuwa upepo mtupu, kama mtu anapuliza chai moto masikioni mwako. Lakini mimi ni fundi. Nilishona kimfuko cha chandarua, nikakitia sponji niliyoichomoa kwenye sidiria kuukuu, nikaweka simu humo na kukibana begani kwa pini. Sasa alisikia kila kitu. Alisikia mnyororo wa geti, changarawe, mimi nikihema na kusema maneno ambayo padri hapaswi kuyasikia, wanawake wakicheka, Mama na kiazi chake, ile mbao iliyolegea ikigonga, na mto. Kwenye mto nilikuwa nasimama dakika tano nzima bila kusema kitu. Alikuwa akisikiliza ndani ya lori, barabara imenyooka mbele yake. Jioni ananijibu: "Pale kona ya pili ulishika breki. Nimesikia." Mtu yuko jangwani na bado ananifundisha kuendesha baiskeli.

Nikaanza kuupima ule mti. Kaka yangu ananipita kichwa kizima, kwa hiyo nilijua: mti ukifika machoni pangu, bado uko kifuani mwake. Kila Jumapili nilisimamisha baiskeli na kuupima. Ulipofika begani mwangu nilifurahi, maana mti ukikua na siku zinakwenda. Ulipofika utosini mwangu nilianza kuhesabu miezi. Nilikuwa mpumbavu mwenye furaha. Nilinunua tairi mpya ya baiskeli yake, nikaijaza upepo, nikampangusia kiti.

Miaka miwili ikatimia, mti uko kwenye paji la uso wake. Akapiga simu. Akasema wamemwongezea mkataba miaka miwili mingine, na akauliza, akija nyumbani ataendesha nini, lori la maziwa lilishapata dereva. Alisema kwa upole kama mtu anayekutoa mwiba. Nilimjibu vizuri, nikamwombea baraka, nikakata simu, na nikashona mkono wa joho la kwaya kinyume. Nikafumua. Nikaushona kinyume tena. Watu husema subira huvuta heri. Mimi subira ilinivuta masikio.

Jumapili hiyo nilifika kwenye ule mti nikiwa na hasira ya kweli. Kichipukizi cha juu kabisa, kile laini kinachoelekea mbinguni, kilikuwa kinatikisika na upepo. Niliuinamisha mti, nikakishika kwa vidole viwili na kukivunja.

Sikubuni mimi. Kila mtu huku anajua kwamba ukiuvunja mti kichwa, unasahau kurefuka, unanenepa kando kama kichaka. Kuna watu hufanya hivyo kwa siri, ili miti ichelewe kufunga na wao wapate msimu mmoja zaidi wa viazi, na watu hao husengenywa mpaka kanisani. Mama hakuwahi kuwasengenya. Alikuwa anasema tu kwamba mtu huyo hana adabu kwa mti. Mimi sikutaka viazi. Nilitaka ule mti usimpite ndugu yangu.

Ungekuwa mmoja, labda. Lakini Jumapili iliyofuata niliona ule ulio kando yake umempita kaka yangu kichwa, na ule wa ng'ambo ya kijia unatupa kivuli njiani, na nikajiambia kijia kikifunga atarudia nini? Nikavunja minne. Jumapili nyingine mitano. Nilikuwa nasimamisha rekodi kwanza, halafu navunja, halafu nawasha tena. Hapo tu ningepaswa kujua kwamba nafanya jambo la aibu, maana kitu chema hukizimii simu.

Mvua fupi zilipoanza, askari wa msitu alikuja kuhesabu miti kama afanyavyo kila msimu. Alikuwa mtu mpole, amekaa huku miaka mingi, anamwamkia Mama kila akipita na kumwita shosho, yaani bibi. Alihesabu upande wa kijia, akahesabu tena, halafu akaitisha mkutano pale kwenye kitalu cha miche, wakulima wote wa kipande chetu. Ilikuwa siku ya kazi, lakini Mama alinipigia simu nikafunga chumba na kuja. Nilidhani amezidiwa na magoti.

Askari aliweka vichipukizi mezani. Vilikuwa vimekauka, rangi ya majani ya chai. Alisema miti arobaini na miwili imevunjwa, yote kwenye shamba la Mama. Mwanamke mmoja alijaribu kusaidia, akasema ni paa, paa wamezidi mwaka huu.

"Paa hafiki hapa juu," askari akasema, na alikuwa anamtazama Mama kwa huzuni. "Shosho, hii ni mkono ya mtu."

Mdomo wangu unajulikana kutoka Majengo mpaka sokoni. Nimegombana na wenye nyumba, na wauza vitambaa, na padri mwenyewe kuhusu urefu wa majoho. Siku hiyo ulikauka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, naona mshono wa kitambaa chake cha kichwa, niliushona mimi, na nikajiambia nahesabu mpaka tatu halafu naongea. Nilihesabu. Nikahesabu tena.

Mama akasema, "Ni mkono wangu."

Wanawake waliokuwa wakikaa naye kwenye mpaka wa viazi walitazama chini. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwamba waliamini. Askari hakutaka kuandika, aliuliza mara ya pili, na Mama akajibu vilevile. Basi sheria ikafuatwa. Akimaliza kuvuna hatapewa kipande tena. Miti iliyovunjwa ikatwe, na mingine ipandwe mahali pake kwa gharama ya jasho lake. Mama alisema asante. Alisema asante, na mimi nikiwa hapo nyuma yake na mikono yangu miwili mizima.

Tulirudi kwa miguu, mimi nasukuma baiskeli, yeye anatembea kwenye majani kando ya njia kama kawaida yake. Tulifika karibu na geti kabla sauti haijanitoka. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia yote, mti wa kwanza, hasira, kuzima simu. Nililia vibaya, kamasi na yote.

"Najua," Mama akasema. "Paa haendi na matairi."

Nikamuuliza sasa kwa nini alisema ni yeye. Nilikuwa karibu kumgombeza, jamani, mimi mkosaji.

"Wakikufukuza wewe msituni na hiyo baiskeli," akasema, "nani atampelekea kaka yako maji?"

Alifungua mnyororo wa geti, akapita, akanishikia lango niingize baiskeli.

Kesho yake nilikwenda kwa askari, nikamwambia ukweli. Alinisikiliza, akatazama tairi zangu, akasema naye alikuwa ameziona alama. Lakini lililoandikwa liliandikwa kwa kinywa cha mwenye shamba, na yeye hawezi kumfanya shosho wa watu mwongo mbele ya mkutano. Akanipa panga na miche. Basi Jumapili tatu sikuzunguka. Nilipiga magoti kwenye lile tope, nikakata na kupanda, kukata na kupanda. Mama alikuja kukaa kwenye mpaka wa viazi, peke yake sasa, wenzake walikuwa wamehamia upande wa pili wa shamba. Nilikata arobaini na mmoja. Ule wa kaka yangu niliuacha. Mama aliniona nikiuruka, akageuza uso upande wa mlima kana kwamba kuna kitu anakitafuta huko.

Kwenye simu sikumwambia kaka yangu chochote. Nilisema tu kwamba Mama amepumzika shamba, magoti.

Mwaka uliofuata miti ilifunga, hata juu ya ile michanga niliyoipanda. Kwanza vilikufa viazi, vikawa vijani vyembamba vinavyotafuta jua. Kisha wanawake wakaokota vikaratasi vyao kwenye kofia, wakahamia kipande kipya mbali huko, nyuma ya mto. Kijia kikabaki na mimi. Tairi moja kwa wiki haitoshi kukiweka kijia hai, nilikuja kujua hivyo. Thabai, ile mimea inayowasha, ilianza kukishika kutoka kando, na mimi nilikuwa napita na panga limefungwa kwenye fremu, nakata, nawashwa, nakata. Chini ya saiprasi hakuna kinachoota na hakuna anayeongea. Unateremka kwenye giza, juu ya majani makavu, na hata mlio wa tairi unanyamaza.

Niliendelea kumtumia rekodi. Nilijaribu kuziba ule ukimya. Nilikuwa napiga mluzi, naimba vibaya, namsimulia habari za Majengo nikiwa nahema. Yeye alijibu kama kawaida, breki, kona, mto leo umejaa. Hakuuliza kitu. Nikasema moyoni, hajui, na ukisema hajui mara nyingi unalala vizuri.

Mwaka huu mkataba wa pili umekwisha, na akapiga simu kusema ametia sahihi wa tatu. Nilikuwa chumbani kwangu, adhuhuri, cherehani inazunguka. Niliizima. Nilimwambia sasa ni vizuri ajue kwamba hakuna shamba. Nilimwambia miti imefunga zamani, na nilichofanya, na alichosema Mama mbele ya watu, na kwamba ule mti wake una vichwa viwili kwa sababu yangu na umempita mara mbili. Nilisema kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Najua ilifunga," akasema. "Niliacha kusikia wamama wakicheka."

"Tangu lini?"

"Tangu waache."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliogopa kwamba nikijua anajua, nitaacha kwenda. Halafu nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza hata mara moja kwa miaka yote hiyo, nikamuuliza atarudi? Nilisikia lori lake linanguruma mahali hapo pa jua.

"Sijui," akasema. "Siku ile nilisema mti kwa sababu sikujua."

Sikumlaani. Nilitaka, na nilikuwa na maneno. Lakini nilikumbuka jinsi alivyoshindilia ule udongo kwa kiatu, pole pole, kama hataki kuumaliza, na nikaona kwamba wakati ule mimi nilikuwa nasikiliza tu mdomo wake. Nampenda ndugu yangu na nina hamu naye mpaka imekuwa ugonjwa. Hilo nilimwambia. Yeye akasema shika breki, unaniliza kazini. Tukaagana.

Jioni ile nilimpigia Mama nikamwambia mwanawe anajua yote. Hakuuliza mengi. Aliuliza kama bado anasikiliza zile sauti. Nikasema ndiyo. Akasema haya, na akaniambia nimletee kandambili mpya nikija.

Jumapili iliyofuata sikumkuta nyumbani. Chai ilikuwa kwenye chupa, kikombe kimefunikwa. Nilidhani amekwenda kuokota kuni, maana hilo bado anaruhusiwa. Nilikunywa nikiwa nimesimama, nikabana simu begani, nikafungua mnyororo. Nikatukana changarawe kama kawaida. Juu nikakata kushoto na kuingia chini ya saiprasi, na sikupiga mluzi wala kuimba, maana sasa hakukuwa na mtu wa kumdanganya. Kijia kilikuwa kimya. Nilishika breki kwenye kona ya kwanza. Nikashika kwenye ya pili.

Alikuwa amesimama kando ya ule mti wenye vichwa viwili. Askari ameshautia alama ya rangi, utakatwa kwanza siku watakapopunguza miti, mbao yake haifai. Mama alikuwa amevaa koti lake la kanisani, mikono kiunoni, majani makavu mpaka magotini. Sijui alitoka nyumbani saa ngapi kwa magoti yale. Hakunitazama mimi. Alitazama bega langu, pale kimfuko kilipo, akajaza kifua.

"Atakayekanyaga kiazi changu atakula tairi!"

Sikusimama. Sijui nilijuaje, lakini nilijua nisisimame. Nilipita mbele yake kwa kasi nikiwa sioni njia vizuri, nikashuka mpaka darajani, mbao ikagonga, nikasimama mtoni dakika tano bila kusema kitu, kama ilivyo desturi. Kisha nikamtumia.

Jibu lake lilikuja nikiwa uani, Mama anakunja koti, mimi nampima kandambili mguuni. Lilikuwa la sekunde chache tu. Niliongeza sauti nikamwekea Mama sikioni, lakini nami nilisikia.

"Mwambie Mama sijakanyaga."